Visiki vya Libérata

Huku Masisi, mashariki mwa Kongo, mtu aliyekodi shamba huruhusiwa kulima maharagwe na viazi, lakini haruhusiwi kupanda mti. Mti hukaa miaka mingi, na mwenye mti mwishowe huitwa mwenye shamba. Libérata wa Kibabi alilijua hilo vizuri alipopanda miche ya mikaratusi kwenye mteremko ulioachwa na marehemu mume wake, Honoré. Yeye hakukodi. Alitaka watu waone.

Wa kwanza kuona alikuwa Nzabonimpa, kaka yake Honoré na baba wa Mucyo, mfugaji wa ng'ombe.

“Mama Manzi, mwanamuke analimaka maharagi. Kupanda miti iko kazi ya mwenye shamba.”

“Basi leo umemuona mwenye shamba, Papa Mucyo.”

Wiki hiyohiyo ng'ombe wa Nzabonimpa walipitishwa humo na miche yote ikakanyagwa. Ng'ombe hawali majani ya mkaratusi. Walipelekwa kuharibu tu. Jumapili iliyofuata, aliyewapeleka alikaa benchi la mbele kanisani.

Libérata alipanda upya, akazungushia miiba, akapalilia miaka sita. Wanawake wenzake walitembea kutwa nzima kutafuta kuni mbali msituni, mahali ambapo mwanamke haendi bila hofu. Yeye alikusudia kuchoma makaa kutoka shamba lake mwenyewe.

Mwaka wa sita akakata. Aliacha visiki vifupi, vilivyokatwa mshazari ili maji yasikae juu yake, kwa sababu mkaratusi huchipuka tena kwenye kisiki na kukatwa upya baada ya miaka kadhaa. Hata Nzabonimpa alijua hivyo. Siku Libérata na majirani zake walipokuwa wakipanga magogo ya kuchoma, alikuja akiongozana na Habumugisha, kapita, yaani kiongozi wa kijiji.

“Mama, umeshavuna,” kapita alisema. “Sasa ngoa hii bisiki, urudishe maharagi, makelele iishe. Shamba itabakia ya famille, ya jamaa yote.”

“Famille njo nani, kapita? Miye na batoto bangu hatumo?”

“Mumo. Lakini bila miti.”

“Basi hatumo. Sitangoa hata moja.”

Alichukua jembe lake, akaliweka mbele ya shemeji yake.

“Mwenye kuchokeshwa na hii bisiki njo weye, Papa Mucyo. Ngoa.”

Nzabonimpa hakuweza kurudi nyuma mbele ya wanawake. Akachimba. Hadi saa sita alikuwa amevua shati, shimo limemfika magotini, na kisiki hakijatikisika. Mizizi ilikuwa imeshuka chini kuliko alivyodhani.

“Hiyo moja ikitoka utuite, tukupikie bugali,” alisema jirani, Nyiransengimana.

“Na ngombe leo nani anachunga?” mwingine aliuliza. “Ao zinajichunga?”

Kapita aligeuza uso, lakini mabega yake yalionyesha kwamba anacheka. Alipomaliza alikohoa.

“Twende, Papa Mucyo. Hii shamba iko na mwenyewe.”

“Nitarudi kesho.”

“Karibu,” Libérata alisema. “Jembe utaikuta hapa hapa.”

Walipoondoka, alirudisha udongo kwenye mizizi ya kile kisiki, akaushindilia kwa miguu, kisha akaenda kuendelea na magogo yake.