Ukanda wa Majani Kando ya Barabara ya Kahama

Baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, alituachia ekari mbili za pamba kando ya barabara ya Kahama, plau la kukokotwa na ng'ombe, na ukanda wa majani uliowafanya majirani watucheke. Ulikuwa na upana wa hatua nne, ukianzia ukingoni mwa barabara na kukata shamba katikati. Baba hakuulima hata mara moja. "Hapo wanalala askari wangu," alizoea kusema. Askari wenyewe walikuwa mbawakawa weusi, wakubwa kama kidole gumba, wenye madoa meupe mgongoni. Hawaruki, wanakimbia tu. Walitoka majanini kuwawinda funza wa pamba wanaodondoka chini.

Nilikuwa mkubwa wa watoto watatu. Shule niliiachia darasa la tano ili wadogo zangu wapate mtu wa kuwapikia na kuwalimia, na nilikuwa nimejiwekea sheria moja: kitu cha baba kinabaki kilivyo mpaka nijue kwa nini nikibadilishe.

Bwana shamba alikuwa na sheria zake. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni, soksi hadi magotini, mwenye pikipiki nyekundu iliyosikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Siku ya kwanza alikuja na mwenyekiti wa kijiji.

"Binti, haya majani ni nyumba ya wadudu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Ndiyo, bwana shamba. Ni nyumba yao."

Mdogo wangu wa kiume akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Nikirudi Jumatatu nikute pameng'olewa pote. La sivyo shamba wapewe watu wazima."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Shamba la kando ya barabara lilikuwa na wapenzi wengi.

Wiki ile nilikwenda na jembe kwenye ukanda kila asubuhi. Siku moja nilipiga jembe moja, mbawakawa watatu wakatimka, nami nikarudisha udongo kwa mguu kama mtu aliyefumaniwa. Jumatatu ikafika, majani yamesimama vilevile.

Saa nne tulikuwa tukipalilia. Pikipiki ikasikika, kisha ikatokea kwenye kona. Bwana shamba aligeuza shingo kuona kama tumeng'oa. Majani aliyaona vizuri sana. Mchanga uliojaa pale konani hakuuona. Gurudumu la mbele likazama, yeye akaruka na kutua katikati ya ukanda wetu, na pikipiki ikaendelea peke yake hadi ikalala juu ya pamba.

Nilimkuta anajaribu kuinuka. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Usiinuke," nikamwambia.

"Niinue wewe!"

"Sikuinui."

Haukuwa ubishi. Mwaka uliotangulia mdogo wangu wa mwisho, msichana, alianguka kwenye mkokoteni, na muuguzi wa zahanati ya misheni alinishikisha mguu wake huku akiufunga. Alinikaririsha: usimwinue kabla hujamfunga, usiunyooshe kwa nguvu, funga juu na chini ya palipovunjika, usimpe cha kunywa, huenda akapasuliwa. Niling'oa mipini ya majembe mawili, nikaiweka pande mbili za mguu, nikaikaza kwa khanga mbili za mama. Sikuzichana. Nilizikunja.

Wakati huo mdogo wangu wa kiume alikuwa amepanda kichuguu kuita msaada, na wito alioujua ulikuwa mmoja tu: mwano, ukelele ambao kwetu Usukumani hupigwa ng'ombe wakiibwa. Muda si mrefu wanaume wakatujia mbio kutoka pande zote, na marungu na mishale.

"Wameelekea wapi?" wa mbele akauliza akihema.

"Hakuna wezi. Ni bwana shamba, amevunjika mguu."

"Ng'ombe wa nani wameibwa?"

"Hakuna ng'ombe!"

Akamtazama aliyelala chini. "Kwa hiyo huyu hatumpigi?"

"Jamani!" bwana shamba akalia.

Walipoelewa, kila mmoja akawa tabibu. Mmoja alitaka kuuvuta mguu, mwingine alileta maziwa. Nikakataa yote.

"Darasa la tano anatufundisha," mzee mmoja akanung'unika, lakini akasimama akimkinga mgonjwa jua kwa koti lake.

Lori la magunia lilipita kila siku saa nane. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja, na bwana shamba hakuwa na pa kutazama ila majanini, shavu lake likiwa chini. Mbawakawa akatoka, akamkamata funza mnene mbele ya pua yake, akaanza kumla kwa utulivu kama mtu aliye kwake. Punde akatoka wa pili.

"Hawa wako wengi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Askari wa baba," mdogo wangu wa mwisho akamjibu. "Usimguse, anatema."

Akamgusa. Maji ya mdudu yakamchoma kidole, akapiga kelele kubwa kuliko alizopiga kwa ajili ya mguu. Wanaume wa mwano walicheka hadi wakaweka marungu chini.

Lori likaja, tukampakia juu ya kitanda chetu cha kamba, akaenda zake. Mwenyekiti alisema jambo la shamba litangoja mtaalamu apone. Tukangoja naye, tukipalilia shamba tusilojua kama litabaki letu.

Bwana shamba alirudi pamba ikiwa imepasuka, amepakiwa nyuma ya baiskeli, na mkongojo kwapani. Alinikabidhi khanga zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Majani hayo bado yapo," mwenyekiti, aliyekuja naye, akamwambia. "Watoto wakaidi hawa."

"Mwenyekiti, hapo ni kitanda changu. Nimelala hapo saa nne nzima. Unang'oaje kitanda cha mgonjwa? Andika shamba ni la hawa watoto, na majani yao."

Akatumia mkongojo kuyapanua majani, akainama kuchungulia.

"Atakutemea tena," mdogo wangu wa mwisho akamwonya.

Sikujua mtu wa mkongojo anaweza kurudi nyuma upesi namna ile.