Kinanda Nilichokiosha kwa Sabuni

Mtanicheka, lakini hii niliiona kwa macho yangu, mchana saa nane, mwaka wa tisini na moja, kanisani kwetu hapa Kimisagara. Sikuwa nimekunywa. Mimi ni mtu wa rozari na kwaya.

Padri wetu alikuwa na kinanda cha zamani sana kutoka Ulaya, sanduku la mbao. Ndani iko gogo limejaa misumari midogo. Unazungusha mpini wake, misumari inafungua filimbi, wimbo wa Maria unatoka wenyewe. Wiki ya kabla ya Pasaka ilikuwa zamu yangu ya usafi. Nikakiosha kwa maji na sabuni, vile tunaosha mabenchi. Mbao zikavimba, kikakwama.

Padri akauliza ni nani. Nikasema, "Sijui. Labda Tomasi."

Tomasi ni sakristani, mtunza vyombo vya altare, mzee mpole. Akaambiwa Pasaka ikiisha arudi kwao Ndera, kazi hana tena.

Kesho yake nafagia peke yangu, mtu akaingia. Mzungu? Mwafrika? Niamini, mpaka leo sikumbuki. Akasema yeye ni fundi wa vinanda, ana kiu. Nikaleta ikigage, pombe yetu ya mtama, nikaionja kwanza mbele yake, kama desturi, aone haina sumu. Akanywa yote.

"Asante mama. Pombe umeionja. Na lile neno ulimpa padri, ulilionja?"

Nani alimwambia?

Akaweka sikio juu ya sanduku. "Nyota, ngoma, pumzi yako, vyote vinafuata hesabu moja," akasema. "Msumari mmoja ukikaa pasipo pake, wimbo wote unachechemea."

Akazungusha. Kile kinanda kilichokwama kikalia vizuri, halafu katikati filimbi zikasema kwa sauti yangu mimi: "Labda Tomasi." Tena. Na tena. Nikafunika uso na kitenge. Nilipofunua, mtu hayuko, na kikombe kimejaa mpaka juu.

Ungedhani nilikimbia kwa padri siku ile ile? Hapana. Niliona aibu, nikanyamaza. Tomasi akaondoka na mkeka wake.

Wiki tatu baadaye ndiyo niliungama, halafu nikaenda Ndera kwa miguu. Nikapiga magoti kwenye shamba lake la maharage.

"Simama, Mama Klarisi," akasema. "Nilikuona na ndoo. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Padri alimwita arudi. Alikataa. Tangu siku hiyo kwaya nimeacha, nakaa benchi la nyuma.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mwendee leo. Usingoje mbao zikusemee.