Kodi ya Paa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kunywa chai katika lile jumba letu la zamani, huku huku Landani mashariki. Siku hizi ni mkahawa. Kaa nikuhadithie, maana nimekulia mle kuliko hata nyumbani kwetu.

Lilikuwa jumba la matofali mekundu, la tangu enzi za mababu wa Waingereza, lenye madirisha ya vioo vya rangi. Jua likipiga, sakafu iligeuka nyekundu na kijani, na sisi watoto tukigombania kusimama penye nyekundu. Kila Jumamosi watu wetu walikuwa na soko mle. Bibi yangu, aliyetoka Unguja na chuma chake cha vitumbua ndani ya sanduku la nguo, alikaa karibu na mlango. Meza ya pili alikuwepo mama wa Kikongo, muuza samaki wa kukaanga, na kutwa walitaniana, kila mmoja akicheka Kiswahili cha mwenzake. Harufu ya hiliki na samaki ilitung'ang'ania mpaka Jumatatu skuli. Kazi yangu mimi ilikuwa kumwaga ndoo, kwa sababu paa lilivuja vibaya mno.

Kaunsili, yaani baraza la mji, ndio wenye jumba, walishasema likizidi kuvuja watalifunga. Bibi alilia siku ile. Akasema nyumba moja ameshaiacha nyuma maishani mwake, hii haiachi. Basi wauzaji wakakubaliana: kila kinachouzwa, mnunuzi aongeze peni chache za kutengenezea paa. Wakaziita kodi ya paa. Ukishalipia vitumbua vyako ukageuka, Bibi alikuita kwa sauti ya upole ambayo huikwepi: "Na paa je?" Tulilichoka neno hilo. Leo ningetoa chochote nilisikie tena.

Siku moja akaja bwana wa kaunsili kukagua. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo dada yangu akawekwa mkalimani.

"Mwambie tunawatoza watu kodi," Bibi akasema kwa fahari, "kila Jumamosi."

Sasa dada yangu, mtoto wa Landani, kodi aliyoijua ni moja tu, ile ya nyumba ambayo baba aliilalamikia kila mwisho wa mwezi. Akamwambia yule bwana, kwa Kiingereza chake safi, kwamba bibi anapangisha jumba. Bwana akabadilika uso. Akasema mali ya kaunsili haipangishwi na mtu yeyote, na Jumamosi ijayo milango itafungwa.

"Umemwambia nini, we mtoto?" Bibi akamgeukia dada.

Alhamdulillahi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa anakunywa chai pale pale. Akaja mbio na kanzu yake, akaeleza kuwa si kodi ya pango, ni kama ile ya serikali, ya kutengenezea paa. Bwana akacheka, akasema kodi ya namna hiyo hutozwa na serikali tu. Dada akatafsiri, safari hii polepole.

"Muulize," Bibi akasema, "hiyo serikali mbona ndoo tunamwaga sisi?"

Bwana akatazama juu, kisha akaitazama ndoo yangu. Akanunua sahani ya vitumbua, na alipogeuka tu: "Na paa je?" Hiyo haikuhitaji mkalimani, akatia mkono mfukoni.

Milango haikufungwa. Kaunsili wakaongeza fungu lao juu ya letu, paa likapona. Lakini jumba lilipopendeza likaanza kupangishwa kweli, kwa bei ambayo muuza vitumbua haiwezi. Tafsiri ya dada ikawa sahihi mwishowe. Soko likafa kimya kimya, mama wa Kikongo akahamia kwa mwanawe, na Bibi tulishamzika. Nalipenda jumba lile, na linanitia uchungu.

Binti yangu aliitazama dari, nyeupe, kavu. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nani aliitengeneza vizuri hivi.

"Vitumbua," nikamjibu.

Akacheka, akidhani namtania. Tukalipa, tukaelekea mlangoni. Nikapunguza mwendo pale ilipokuwa meza ya Bibi, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeuliza habari ya paa.