Ishara za Sitaha

Mzee niliyekuwa nikimuuguza katika mtaa wa Muaither alikuwa Mmarekani, mstaafu wa jeshi la wanamaji. Kiharusi kilimpata alipokuja kumtembelea binti yake, mwalimu hapa Doha. Upande wa kulia ukalegea, na usemi ukampotea kabisa. Alituelewa vizuri, kujibu ndiko kulikomshinda. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza kwamba kwetu Kenya hilo ni jina la heshima, alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu.

Nilitoka asubuhi Fereej Bin Mahmoud, ninakoishi na manesi wenzangu, nikafika kabla binti hajaenda kazini. Nikishamwogesha, kumlisha na kumnyoosha viungo, nilimfungulia video kwenye tableti. Alichagua mwenyewe kwa kidole, na kila siku zilikuwa manowari za kubeba ndege.

Mimi nimekulia Kitale, mbali na bahari, kwa hiyo meli yenye uwanja wa ndege mgongoni ilinishangaza. Nikawa natazama naye. Za kwanza zilikuwa meli za kawaida zilizowekewa sitaha ya mbao juu. Baadaye njia ya kutua ilielekezwa upande, ili ndege ikikosa kunasa waya wa kuisimamisha iruke tena, isigonge zilizoegeshwa mbele. Kubwa za leo zinakwenda kwa nguvu za nyuklia, miaka mingi bila kujaza mafuta, na mpya kabisa zinarusha ndege kwa sumaku ya umeme badala ya mvuke. Sikusahau kwamba zote hizo zimeundwa kwa ajili ya vita. Lakini kilichonivutia zaidi ni watu wadogowadogo wenye fulana za njano, wanaowaongoza marubani kwa mikono katikati ya ule mngurumo.

"Baba alikuwa mmoja wao," binti aliniambia. "Zaidi ya hapo sijui, Sista. Nilipokuwa mdogo alikuwa baharini, na aliporudi hakupenda kusimulia."

Wiki moja Mzee alibadilika. Alikataa chakula, akawa anauelekeza mkono wa kushoto kwenye miguu na kuuzungusha hewani, huku na huku, kama mtu anayefukuza nzi. Nilimpangusa, nikambadilishia shuka, nikamgeuza. Akauzungusha tena, kwa hasira sasa, machozi yakimlengalenga.

"Ni huzuni tu," binti alisema kwenye simu. "Daktari alituonya kuhusu huzuni."

Sikuridhika. Niliutazama tena ule mkono na kuona haukuwa ukienda ovyo: ulichora nane iliyolala, ukaishia palepale kila mara. Nilichukua tableti, nikatafuta ishara za watu wa sitaha. Nikaipata. Mkono unaochora nane huku mwingine ukionyesha mahali maana yake ni moto. Yeye alikuwa na mkono mmoja tu, ndiyo maana alionyesha kwanza, halafu akachora.

"Mzee, ni moto? Mguu unakuunguza?"

Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtiririka.

Nilivua soksi ya kulia. Asubuhi nilipomwogesha sikuona kitu. Sasa shavu la mguu lilikuwa limevimba, jekundu, na joto lake nililisikia kabla sijaligusa. Nikapiga simu ya ambulensi, kisha nikampigia binti. Hospitalini walikuta damu imeganda kwenye mshipa, wakamwanzishia dawa hapohapo. Daktari alisema donge kama hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaua.

Aliporudi nyumbani, binti aliomba nimwonyeshe zile ishara. Tulikaa wote watatu sebuleni, Mzee akitusahihisha. Binti alikunja ngumi, yaani shika breki, na baba yake akamnyoosha kidole gumba kilipokaa vibaya. Nikawaacha, nikaenda kukunja nguo. Nilisikia binti akicheka, halafu akauliza, "Uliwahi kuogopa, Baba, ukiwa kule juu?" Sikuona alichojibu, ila kicheko kilikoma.

Maneno yalianza kurudi mojamoja miezi iliyofuata. La kwanza lililoeleweka lilikuwa "kahawa". Binti aliichemsha huku akilia jikoni, na Mzee akainywa yote, ingawa binti alikuwa ameitia sukari nyingi mno.