Ng'ombe wa Mahari ya Wilkista

Wilkista hajawahi kuomba ruhusa ya mtu kuvuka mto Lwakhakha, na siku hiyo hakuanza. Alijifunga leso kiunoni, akaingia majini na viatu mkononi. Sisi majirani zake wa upande wa Kenya tulimfuata mpaka ukingoni, tukaishia hapo, tukitazama na kusikiliza, maana mto si mpana.

Alizaliwa ng'ambo, Uganda, akaolewa huku Bungoma, na mume wake akazikwa huku. Serikali zote mbili zilipokubaliana kwamba watu waache kulima kando ya mto, Wilkista alitii. Aling'oa maharagwe yake, akapanda nepia, nyasi za kushika udongo. Lakini ng'ambo, mdogo wake Mafabi alilima hadi majini. Kila mvua ikinyesha mlimani Elgon, udongo wake ulijaza mto, maji yakakosa njia, yakahamia kwa Wilkista. Yalishabeba migomba yote. Sasa yalikuwa yanabisha hodi jikoni.

Alikwenda mkutanoni Bungoma mjini, nami nikamsindikiza. Afisa akasema yeye hana amri ng'ambo, tuwe na subira, kamati ya pamoja itaangalia.

"Jikoni yangu haina subira," Wilkista alimjibu, akatoka kabla ya chakula. Mimi nilibaki nikala, sikukataa.

Basi asubuhi hiyo aliyovuka alimkuta Mafabi nyuma ya plau, maksai wawili mbele, mkewe Pauline akidondosha mbegu nyuma yake.

"Dada, rudi kwako," Mafabi alisema. "Si uliolewa Kenya? Huku hauna sauti, bana."

"Sawa. Kama sina sauti, nipe ng'ombe yangu niende nayo."

Tulishika midomo. Kwetu, pande zote mbili za mto, kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Wilkista ndio Mafabi aliompelekea babake Pauline, na aliyebaki ndiye aliyewazaa maksai hao. Kuwadai ni kutikisa ndoa yenyewe.

Mafabi alicheka. "Ati utachukua?"

Wilkista hakubishana naye. Alikwenda mbele ya maksai, akaanza kufungua nira. Mafabi akainua kiboko. Hapo Pauline akatupa kikapu cha mbegu chini.

"Mpe," alisema. "Ng'ombe ikienda, na mimi naenda kwetu."

Mafabi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, kiboko kikashuka. Aliwageuza maksai, akawapandisha juu, mbali na maji, akaanza kulima huko. Nilipiga vigelegele hadi koo likaniuma. Miaka yote ya mikutano, na sijawahi kufurahi namna ile!

Leo ukingo ule una nepia, na kamati imeshakuja kupigwa picha mbele yake. Lakini Mafabi hamsalimii dada yake. Watoto wa Mafabi wakimwita senge, yaani shangazi, kutoka ng'ambo, huitwa ndani. Krismasi haalikwi. Inamuuma, maana kule ndiko kwao, na mama yake amezikwa kule. Nilipomwona ameinama jikoni kwake, nilimwuliza kama hataki kuvuka akaombe msamaha.

Akainua uso.

"Msamaha ya nini? Asinisalimie. Lakini alime huko huko juu."