Kichuma Kilicholala kwa Mwenzangu

Cherehani yetu ilikuwa na nyumba mbili. Yenyewe ililala kwangu, mtaa wa Juba Na Bari, na kijumba cha bobini, kile kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini, kililala kwa mwenzangu, ng'ambo ya soko. Bila kichuma hicho cherehani ni meza ya kuwekea birika. Kila asubuhi alikuja nacho mfukoni, akakipachika, tukaanza kushona. Kila jioni alikichomoa na kwenda zake.

Watu walitucheka. Walisema hata mume na mke wenye wivu hawachungani hivyo. Lakini cherehani tuliinunua kwa ushirika huko Uganda, mwishoni mwa ukimbizi, na tulikwisha kuona washirika wengi wakiamka na kukuta mwenzao amehama na kila kitu. Sisi hatukuwa ndugu. Tulijuana kwenye foleni ya unga. Basi amani ilipokuja tukarudi Juba, tukapatana kila mmoja alale na kipande. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka wa pili akaja mama mmoja mjane, jirani yetu kanisani, na kitambaa cheupe alichokitunza sandukuni miaka yote ya uhamishoni. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Hakutuuliza tutamaliza lini, wala hakusimama kuhesabu mita. Alikiweka mezani, akakipapasa mara moja, akaondoka. Jumatano nilikikata chote.

Alhamisi mwenzangu hakuja. Chai ikapoa. Nilipokwenda kwake, jirani akaniambia kwamba alfajiri ameletewa habari mama yake mzazi anaumwa huko Bor, na tishari lilikuwa linang'oa nanga, akakimbilia bandarini hata bila kufunga kamba za viatu. Kichuma je? Jirani hakujua. Mimi nilijua. Kilikuwa kwenye mfuko wa ile suruali yake ya kaki.

Nilikimbia bandarini. Nilikuta wapagazi wamekaa juu ya magunia, mto mtupu. Hapo ndipo nilipoanza. Niliwaambia wapagazi kwamba mwenzangu ni mtu asiyeaminika. Nikawaambia wauza chai. Nikapita kwa mafundi watatu kuomba kichuma cha kuazima, na vyao vilipokataa kuingia kwenye cherehani yetu, nikawaambia na wao. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulizunguka Juba nzima.

Jioni mama wa bibi harusi akapita. Aliona vipande vya nguo vimelala mezani kama kuku aliyechinjwa akasahauliwa. Nikamweleza kila kitu, nikimtupia mwenzangu lawama zote.

"Mimi naachia nyinyi nguo," alisema polepole, "mimi hapana uliza hata swali moja."

Akaenda zake. Afadhali angenitukana. Niliona aibu, nikaenda kutafuta sindano ya mkono.

Ijumaa asubuhi nilikaa kizingitini na sindano ya mkono, nikishona mshono wa ubavu na kulaani kwa sauti kila aliyezaliwa na mama mmoja na yule mwenzangu. Akasimama mbele yangu mwanamke mgeni, kikapu cha samaki wa moshi kichwani, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Akanisikiliza kwanza, kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Wewe ndiyo fundi," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Tishari nasimama Mongalla jana. Mtu moja naita mimi, nasema, kesho ukifika Juba, peleka hii Juba Na Bari. Mimi nauliza, nitajua yeye namna gani? Yeye nasema, utasikia. Ile inatukana mimi, ndiyo huyo."

Akafungua pindo la kanga. Ndani yake kilikuwa kichuma chetu, kinanuka samaki.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Mtu aliyekataa kuniachia kichuma hiki hata usiku mmoja alikuwa amempa mwanamke asiyemjua hata jina, kwenye ukingo wa mto, na kikafika. Mama yule alikataa zawadi. Alikunywa chai, akaniambia niache kutukana watu maana kuna joto, akaenda kuuza samaki wake.

Nilishona kutwa nzima. Jumamosi bibi harusi aliingia kanisani amevaa nguo iliyomkaa sawasawa, na aliyemkaribia sana alisikia harufu ya samaki wa moshi upande wa kushoto. Mama yake alicheza mpaka kiatu kikamvuka mguuni.

Jumapili nikaanza safari nyingine. Nilirudi kwa wapagazi, kwa wauza chai, kwa mafundi watatu, nikisema nilikosea. Hasira hasara, kweli, lakini hakuna anayekuambia kwamba hasara yenyewe hulipwa kwa miguu. Wauza chai walinifanya niseme mara mbili, kwa raha zao.

Mwenzangu alirudi baada ya wiki tatu. Mama yake alikuwa amepona. Nilimwambia yote niliyosema juu yake kabla hajaweka mzigo chini.

"Malesh, si kitu," alisema. "Mimi nilijua. Ndiyo ramani niliyompa yule mama."

Tulishona siku hiyo mpaka jioni. Akachomoa kichuma kama kawaida, akakitazama kiganjani, kisha akakiweka juu ya meza.

"Bakia nacho," akasema. "Vilale pamoja."

Nilikishika. Nikafikiria asubuhi zote za miaka ile miwili, mlango ukigongwa, yeye akiingia na kichuma chake na habari za mtaa wake, birika likiwa bado motoni.

"Chukua," nikamwambia. "Ukikiacha hapa, asubuhi utakuja kwangu kunywa chai kwa sababu gani?"

Akakitia mfukoni, akaenda zake.