Ndoo Iliyonuka Nyumba Mpya

Enzi zetu Kitengela ilikuwa na pundamilia wengi kuliko mageti, na hakuna aliyenunua chombo cha kuwekea chakula. Vyombo vilikuja vyenyewe. Mafuta ya kupikia yakiisha, mkebe unawekwa sukari. Siagi ikiisha, kikopo kinabeba githeri ya shule, na darasa zima linajua kwenu mkate uliwahi kulika. Plastiki ikipasuka, mama anapasha kisu moto na kuiziba, kisha anapakua humo humo.

Chombo chetu mashuhuri kilikuwa ndoo ndogo ya rangi. Baba alipomaliza kupaka sebule samawati, Mama aliisugua ndoo kwa mchanga, jivu na sabuni, akaianika hadi ikapauka. Ubavuni ilibaki picha ya nyumba yenye paa jekundu. "Imetakata," Mama akasema. "Hata mgeni namwekea."

Jirani yetu wa pekee, Mama Lemayian, Mmaasai wa boma la ng'ambo ya korongo, alikuwa amejifungua. Mama, Mkamba wa Machakos, hakujua njia nyingine ya kumpongeza mtu isipokuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Aliumimina ndooni ukitokota, akabana kifuniko, nikatumwa. Nilipofika niliinamisha kichwa, Mama Lemayian akanigusa utosini kama desturi yao, akaipokea ndoo kwa mikono miwili.

Ndoo ikarudi imejaa maziwa, maana kwa wanawake wale wawili, kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu ilikuwa sawa na kumtukana. Mama akapika chai. Baba akapiga funda moja, akatazama kikombe, akatazama ukuta wa samawati, akainuka kutafuta kofia.

"Sijui ng'ombe wale wanakula nini," Mama akanong'ona. "Lakini tukikataa atasema tunajiona, na mimi hapa sina mtu mwingine." Ilikuwa kweli. Kupita boma lile kulikuwa na nyasi, vumbi na nyumbu.

Basi ndoo ikawa haipumziki. Muthokoi moto ukienda, maziwa yanarudi. Mama aliyamwaga kwenye mpapai nyuma ya nyumba, sisi tukanywa strungi, chai isiyo na maziwa, kimya kimya, kisha ananituma: "Mutheu, mwambie yalikuwa matamu sana." Nami nilirudi na jibu: "Ambia mama yako chakula iliisha hata sijaketi." Mpapai ukanenepa.

Hadi asubuhi moja Mama alipokuwa ameinama pale, maziwa yakitiririka mizizini, tukasikia shanga zikilia nyuma yetu. Mama Lemayian alikuwa amesimama, mtoto mgongoni. Mama aliganda. Ndoo ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mama Mutheu," mgeni akasema taratibu, "hiyo ni maziwa yangu?"

"Ni yako."

Akatazama mpapai. "Basi wacha na mimi niseme. Chakula yako huwa napatia mbwa. Hata mbwa anafikiria kwanza."

"Muthokoi wangu?" Mama akasahau aibu, akasimama wima. "Muthokoi wangu una nini?"

"Inanuka nyumba mpya! Nilijua ni dawa ya Wakamba."

"Na mimi nilisema ni ng'ombe zako!"

Wakakodoleana macho, kisha wote wawili wakainamisha nyuso, wakaitazama ile ndoo, na paa lake jekundu. Mama alicheka hadi leso ikamdondoka. Baba, ndani, alijifanya anatafuta kofia. Tangu siku hiyo maziwa yalikuja kwa kibuyu, yana harufu tamu ya moshi, muthokoi ukaenda kwa sufuria, na ndoo ikapandwa vitunguu.

Siku hizi Kitengela ni ukuta na geti, na mpwa wangu hali kitu kabla ya kupindua chombo asome namba ya aina ya plastiki chini yake. Ananihubiria: chakula moto kitie kwenye kioo, shangazi, plastiki itakuua. Yuko sahihi. Kabati langu limejaa vyombo vya kioo vyenye vifuniko vya kubana, na jirani yangu simjui jina.

Juzi nilisikia amepata mtoto. Nikapika muthokoi, nikatia kwenye bakuli zuri kuliko yote, nikampelekea. Mlinzi wa getini akalipokea, akauliza imelipiwa au bado.

Bakuli lilirudi kesho yake, limeoshwa, linang'aa, tupu. Nilifungua kifuniko, nikanusa. Halikunuka chochote.